Mama Mkwe na Sindano ya Rangi

Mimi na mama mkwe wangu hatujawahi kushikana mikono. Tumefahamiana tangu nilipopeleka ng'ombe wa mahari kwao Matulo, na nimeona nywele zake zikigeuka mvi moja moja, lakini kwa mbali, na mara nyingi kwa kisogo. Kwetu Wabukusu mkwe na mama wa mke wake hukwepana. Tukikutana njiani mmoja wetu hutoka njia na kujifanya anakagua mahindi ya watu. Hali chakula nyumbani kwangu, hakai kwenye kiti changu, na choo changu ndicho hawezi kukikaribia hata dunia iwe inaisha. Wapo siku hizi wanaokumbatiana na wakwe zao kanisani na kupiga picha, nami sina neno nao. Mama mkwe wangu si wa kundi hilo, na nampendea hilo hilo.

Nimeanza na habari hii kwa sababu bila kuijua huwezi kuelewa jinsi kichupa cha rangi, kidogo kuliko kidole changu cha mwisho, kilivyotaka kuninyima mke.

Mke wangu aliugua figo. Mwanzoni tulisema ni malaria, kisha tukasema ni uchovu, mpaka miguu ikavimba viatu vikakataa kuingia. Tulipopata jibu figo zake zote mbili zilikuwa zimekwisha nguvu. Akaanza kwenda kwenye mashine ya kusafisha damu hapa Kitale, na kila aliporudi alikuwa mtu wa kulazwa kitini na kufunikwa shuka. Huyu ni mwanamke ambaye nilimwoa kwa sababu ya kicheko chake. Sasa alikuwa anapimiwa maji ya kunywa kwa kikombe kidogo, na kiu ikimzidi ananyonya kipande cha limau. Haja ndogo nayo ikakoma kabisa. Hilo ni jambo ambalo mtu halifikirii maishani mpaka siku linapokoma.

Dawa ya kweli ilikuwa kupata figo ya mtu mwingine. Nilijitolea wa kwanza, damu yangu ikakataa. Kaka zake wawili walitoka Nairobi wakapimwa. Mmoja damu haikulingana, mwingine akagunduliwa ana presha ya juu. Mama mkwe aliposikia haya hakungoja kuombwa. Alimwambia binti yake kwa simu, "Mimi niko na mbili. Si uchukue moja?" Alisema hivyo kama mtu anayegawa mbegu za maboga, na damu yake ilipopimwa ikalingana vizuri kabisa.

Kilichobaki kilikuwa umri wake. Daktari wa Eldoret, ambako upasuaji ungefanyika, alitaka kujua kama figo za mama zina nguvu ya kutosha kugawanywa. Kipimo cha kawaida cha damu kilitoa jibu la katikati, si ndiyo na si hapana. Mashine yao ya kuzipima figo vizuri zaidi ilikuwa imeharibika, inangoja kipuri, na mashine nyingine ilikuwa mbali na ina foleni. Mke wangu hakuwa na nafasi ya kungoja foleni. Uso wake ulikuwa unabadilika rangi kila wiki, na nilikuwa nimeanza kuogopa asubuhi.

Ndipo nikaenda kwa daktari wetu wa siku zote. Ni mzee wa Kihindi, mtoto wa mwenye duka Bungoma mjini. Kibukusu alifunzwa na wanawake waliokuja kumuuzia babake maharagwe, na mpaka leo akitukana kwacho husikii kama ni mgeni. Kliniki yake hapa Kitale ni nyumba ya zamani yenye baraza mbele na ujia mmoja mrefu ndani. Nilipomweleza shida yetu alifungua droo ya chini ya meza, akatoa kiboksi kilichojaa pamba. Ndani ya pamba mlikuwa na vichupa viwili vya kioo.

"Hii si dawa ya kutibu," akaniambia. "Ni ya kupimia. Ni rangi tu. Mwili hauna kazi nayo. Ukiidunga kwa mshipa, figo zinaikamata na kuitupa nje na mkojo. Figo zikiwa na nguvu inatoka haraka. Zikiwa zimechoka inachelewa. Mimi kazi yangu ni kungoja na chupa na kuona imetoka ngapi."

"Kwa hiyo mkojo unakuwa mwekundu?"

"Hapana, ukitoka ni manjano tu. Mpaka nitie tone la maji makali. Unajua yale maji ya majivu mama zenu wanapikia kunde? Basi, haya ni ndugu yake." Akachukua kisahani, akaonyesha kwa tone moja lililobaki kwenye kichupa kilichovunjwa zamani. Lilikuwa njano hafifu. Alipoliongezea hayo maji makali likageuka jekundu la kuelekea zambarau, la kupendeza hasa.

Akafunika boksi lake kwa upole. "Imezeeka hii. Madaktari vijana hawaijui. Kiwanda kimeacha kuitengeneza, na hizi mbili zinafika mwisho wake mwaka huu. Tumezeeka pamoja." Kisha akampigia daktari wa Eldoret, wakaelewana nikiwa nimeketi pale pale. Rangi ikitoka vizuri, mama angepelekwa Eldoret kumaliziwa vipimo hata kama ni kwa kukodi mashine ya mbali. Isipotoka, mama huyo mzee asisumbuliwe, tutafute mtu mwingine. Hapakuwa na mtu mwingine. Mimi nilijua, na daktari alijua.

Siku ya kipimo iliangukia siku ya mke wangu kwenda kwenye mashine, hivyo kumpokea mama mkwe kukawa kazi yangu. Niliamka na wasiwasi wa bwana harusi. Nilimwona akishuka stendi, kitambaa cheupe kichwani, kuku mmoja mkononi kwa ajili ya binti yake. Nilimwita mwenye bodaboda nikamwonyesha kwa kidole yule mama, nikamwelekeza kliniki, kisha mwenyewe nikaenda kwa miguu upande wa pili wa barabara. Mwenye bodaboda akaniuliza, "Kwani mmekosana, mzee?" Nilimwambia aendeshe pikipiki yake.

Sasa kliniki ile ina choo kimoja, mwisho wa ujia, na mkabala na mlango wa choo kuna benchi. Nilikaa kwenye benchi hilo. Nieleweke vizuri: nilikaa pale kwa mapenzi. Mke wangu alikuwa amefungwa kwenye mashine upande mwingine wa mji, na mamake alikuwa anadungwa sindano kwa ajili yetu, na mimi niliona aibu kwenda kukaa mkahawani kama mtu asiyehusika. Nilikuwa hata nimepiga viatu rangi. Nikaweka kofia magotini, nikatazama sakafu, ili heshima isivunjike.

Muuguzi wa daktari alikuwa mama wa Kikalenjin mwenye sauti ya kuamuru. Nilimsikia chumbani akimnywesha mama maji, glasi baada ya glasi. Daktari akaidunga ile rangi, akarudi ofisini kwake kuhudumia wagonjwa wengine. Baada ya muda muuguzi akasema, "Mama, chukua chupa, choo iko hapo nje. Kojoa yote, usibakishe hata kidogo."

Mlango ukafunguka. Niliona ncha ya leso na kidole gumba cha mguu. Kisha ncha ya leso ikarudi ndani na mlango ukafungwa.

"Vipi?" sauti ya muuguzi.

"Haijakuja."

Ikawa hivyo asubuhi nzima. Mlango unafunguka, leso inatokeza, leso inarudi. Muuguzi akawa mkali, akamfungia pazia pembeni, akamwambia akojoe hapo hapo chumbani. Ukuta wenyewe ni wa mbao, na mimi niko upande wa pili nikikohoa mara kwa mara ili mama mkwe ajue niko karibu na asijione mpweke. Nikamsikia muuguzi, "Hii ni kidogo sana, mama, ongeza." Na sauti ya chini ikamjibu, "Ndio hiyo tu iko." Mimi kwenye benchi langu nikaanza kuomba Mungu kimoyomoyo, na nikasogea karibu zaidi na ukuta.

Mwishowe daktari alipanga chupa zake dirishani, akatia maji makali, na nikaitwa kuona. Nilikuwa nimejiandaa kuona ule wekundu wa kwenye kisahani. Kilichokuwa dirishani kilikuwa kama maji yaliyosuuziwa kikombe cha juisi. Daktari alizitazama chupa, akavua miwani, akaivaa tena.

"Figo hizi hazitoshi kugawana," akasema.

Mimi ni mtu wa hasira za haraka, wanaofanya kazi nami kwenye ofisi ya upimaji mashamba watakuambia. Nilimwambia mzee yule, mbele ya muuguzi wake, kwamba pengine ni dawa yake iliyokaa kwenye pamba mpaka ikafa. Hakunijibu kwa ukali. Alisema tu kwamba aliijaribu kabla ya kumdunga mama na ilikuwa nzima, kisha akakaa kitini taratibu. Siku hiyo nilimwona ni mzee kweli.

Muuguzi ndiye aliyempelekea mama habari. Mama mkwe alikuwa tayari getini, ametupa mgongo, anahama kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Alisikiliza, akasema, "Basi niitieni pikipiki," akaenda zake bila hata kupita kumsalimia mtoto wake kwenye mashine. Kuku alimwacha barazani. Hilo liliniuma sana. Nilidhani ametukasirikia, au ameona kazi yake imekwisha na hana haja nasi.

Mke wangu nilipomweleza jioni hiyo hakulia. Alisema, "Mama yangu analima ekari nzima kwa jembe na kubeba kuni. Figo gani imechoka?" Kisha akageukia ukutani, na hapo ndipo alipolia.

Siku zilizofuata mama hakupokea simu. Alipopokea alisema yuko mzima, na kwamba mtu asimtajie sindano tena, na akakata. Mke wangu akaanza kuwa na maneno ya mtu anayeaga: mtoto wetu wa kwanza asikose kumaliza chuo, kabati lile apewe nani. Nilikuwa namkatiza kwa hasira, halafu natoka nje kwenda kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji.

Siri ilitoboka Kamukuywa. Huko ndiko aliko dada wa mama mkwe, karibu na soko, na mke wangu alimpigia kumuuliza mama ana nini. Dada huyo hawezi kuficha kitu akiulizwa mara ya pili. Siku ile ya kipimo, akasema, mama alishuka Kamukuywa badala ya kuendelea na safari, akaingia bomani mbio bila hodi, akapita watu wote bila salamu, moja kwa moja chooni. Alipotoka alimvuta dada yake pembeni. Alikuwa amemwaga damu. Choo cha dada huyo, kama vyoo vingi vya kwetu, hunyunyizwa majivu ya jikoni kuzuia harufu na nzi, na majivu yote yalikuwa yamekuwa mekundu. Mama alimwapisha dada yake asiseme. Aliamini ile sindano imempasua figo na kwamba anakufa, na hakutaka binti yake ajue, asije akajilaumu kwamba amemuua mama yake. Alikuwa hata ameshasema ng'ombe wake abaki na nani.

Mke wangu alinieleza haya mimi nikiwa nanyoa ndevu. Nikasimama na povu usoni.

"Majivu?" nikauliza.

"Majivu."

"Mpigie mama. Muulize kama mkojo ulikuwa mwekundu kabla haujagusa majivu ama baadaye."

"Wewe ni mgonjwa pia? Nimuulize mama yangu jambo kama hilo?"

"Muulize!"

Akampigia, akaweka sauti ya juu ili nisikie. Nilijibanza nyuma ya pazia la dirisha na povu langu kama mwizi, kwa sababu kusikiliza maneno ya namna hiyo ya mama mkwe ni kosa ambalo sijui hata linatolewa faini gani.

"We mtoto," sauti ya mama ikasema baada ya kubembelezwa sana, "hayo ni maneno gani? Ilitoka kawaida tu. Kufika kwa jivu ikakuwa langi ya bitiruti."

"Na ilikuwa nyingi?"

"Nyingi! Si nilikuwa nataka kupasuka bana!"

"Sasa mama, kwa nini hukuenda pale hospitali?"

Mama akasema kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "Na yeye alikuwa amekaa hapo? Mrangoni kabisa! Ati nipite na chupa ya mkojo mbele ya mkwe? Hata kwa ukuta nilikuwa namsikia akikohoa. Afadhali nife."

Nilitoka nje kwa mlango wa nyuma. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye nyasi, na katikati ya kucheka nikajikuta nalia. Yule mama alikuwa tayari kukatwa ubavu na kutolewa kiungo chake, alikuwa tayari kufa kimya kimya ili binti yake asiumie, lakini kukojoa nikiwa karibu hakuweza. Na mimi niliyekuwa nikikohoa kumfariji ndiye niliyemziba.

Sikunywa chai. Nilikwenda kliniki na upande mmoja wa ndevu. Nilimweleza daktari habari ya choo cha Kamukuywa, naye akanyoosha mikono juu ya meza, akacheka mpaka muuguzi akaja kuona kama ni shambulio la moyo.

"Majivu!" akasema akipangusa macho. "Rangi yangu yote ilikuwa ndani yake, amebeba mpaka Kamukuywa! Na mimi nimezaliwa Bungoma. Nimezaliwa Bungoma, nimekaa na Wabukusu maisha yangu yote, na sikuuliza mkwe amekaa wapi." Nikamwomba radhi kwa maneno yangu ya siku ile. Akapunga mkono kuyafukuza, kisha uso wake ukatulia. Akafungua droo, akaiweka pamba mezani. "Kimebaki hiki kimoja. Hakuna kingine popote ninapojua. Safari hii lazima akojoe."

Mama alikubali, baada ya binti yake kumweleza mara nyingi kwamba yale hayakuwa damu. Ila alitoa sharti. Hakuridhika na mimi kutokuwa kliniki tu. Alitaka nisiwe Kitale. Na kwa kuwa maneno matupu hayakumtosha, akasema, "Aje huku kwangu, achunge ng'ombe. Akiwa hapa nitajua kweli hayuko huko." Tukabadilishana miji. Yeye alipanda kuja Kitale, mimi nikashuka kwenda kwake, na nina hakika tulipishana mahali fulani barabarani kila mmoja akitazama upande wake.

Nilifika Matulo nikakuta jirani yake, bibi mmoja mwenye meno machache, ameshaweka kigoda kwenye ua akipukuchua mahindi. Alikuwa amepewa kazi ya kunilinda. Alinionyesha ng'ombe, akanionyesha ndoo, akanionyesha kwa mdomo nyumba ambayo sikutakiwa kuingia. Kisha akampigia mama mkwe papo hapo. "Amefika. Amekaa. Ndiyo, namwona. Kofia ya bluu." Na mimi nikaambiwa nisiondoke machoni pake mpaka simu ya pili ije.

Nilimnywesha ng'ombe maji, nikamkatia majani. Bibi akaniletea chai kwenye chupa, na kwa kuwa mtu hakatai chai ya ukweni, nikanywa. Akanimiminia tena. Jua likapanda. Kule Kitale sindano ilikuwa imeshaingia, na mimi nilikuwa natazama simu kama inadaiwa uhai. Nikaanza kuhisi chai.

Choo cha mama mkwe kiko nyuma ya migomba, kisafi, na kopo la majivu mlangoni. Nilikiona vizuri kutoka nilipokuwa nimekaa. Ningeweza kukaa pale mpaka mwaka mwingine na nisingekiingia. Na kuomba ruhusa ya kwenda shambani nako, nimwambieje bibi yule? Nimwambie mama wa rika la mama mkwe kwamba nataka kukojoa? Nikafunga miguu. Nikasimama, nikakaa. Nikamkatia ng'ombe majani ambayo hakuyahitaji. Bibi akaniuliza kama nasikia baridi, akanimiminia chai nyingine.

Hapo, kwenye ua wa watu, nimebana magoti na kofia yangu ya bluu, ndipo nilipomwelewa mama mkwe wangu kuliko nilivyowahi kumwelewa mtu yeyote. Nilimwona kule chumbani, maji yote yale tumboni, na kila akifungua mlango anaona viatu vyangu vimeng'aa. Nilimpenda sana saa ile. Nilimpenda kwa uchungu, kwa maana halisi ya neno hilo.

Simu ililia adhuhuri. Alikuwa mke wangu. Nilisikia kicheko cha daktari nyuma yake, na sauti ya muuguzi ikiimba wimbo wa kanisani kwa lugha yao.

"Nyekundu," akasema. "Zote. Ya kwanza ndiyo nyekundu kuliko zote. Daktari anasema hata wewe huna figo kama hizi." Halafu akacheka, kile kicheko chake cha zamani, kikavu kidogo kwa kiu, lakini chenyewe.

"Mwambie mama nimemwelewa," nikasema.

"Umeelewa nini?"

"We mwambie tu."

Bibi naye alikuwa amepokea simu yake. Akakusanya mahindi, akasema, "Sasa uko huru, baba." Nilimshukuru kwa chai nikiwa tayari natembea. Sikufika mbali. Mwenye lile shamba la miwa baada ya ua wa mama mkwe, popote alipo, anisamehe.

Mashine ya Eldoret ilipata kipuri chake baadaye, ikampima mama, ikakubaliana na rangi ya mzee. Siku ya upasuaji mimi nilikaa jengo jingine kabisa, nyuma ya nguzo, na shemeji zangu ndio walioniletea habari. Baadaye niliruhusiwa kumwona mke wangu. Pembeni mwa kitanda kulikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake mkojo, unaongezeka nikiutazama. Muuguzi mmoja wa pale aliona mtu mzima akiushika mfuko wa mkojo kwa mikono miwili na kulia, akaniacha.

Daktari wetu amefunga kliniki. Aliniambia rangi imestaafu na yeye hana sababu ya kubaki nyuma. Amerudi Bungoma, anaishi nyuma ya lile duka la babake ambalo sasa ni la mpwa wake, na nikienda mjini kwa kazi za ofisi ya ardhi nampitia. Hata kabla sijakaa huwa ameshauliza, "Mama anakojoa?" Namwambia wote wawili wanakojoa. Anafurahi kama mara ya kwanza.

Mama mkwe amerudi kwenye jembe lake. Msimu uliopita tulikutana kwenye njia ya Matulo, nikatoka njia nikatazama mahindi, naye akapita akitazama upande wa pili. Alipokuwa amenipita kidogo nikamsikia akikohoa, kile kikohozi changu cha kwenye benchi, amekiiga vizuri kabisa. Nilipogeuka alikuwa anakwenda zake, mabega yanamcheza kwa kicheko.

Bado hajawahi kukanyaga nyumbani kwangu, wala hatakanyaga. Ila kuna jambo halizungumzwi. Sehemu yake inalala chumbani kwangu kila siku, ubavuni mwa mke wangu, na kila asubuhi inakwenda kwenye choo changu. Mke wangu akiamka na kushika njia ya msalani, mimi nachukua kofia yangu natoka nje, naenda mpaka kwenye ua, hata mvua ikinyesha. Alikuwa akinicheka. Siku hizi anangoja kwanza asikie mlango wa nje umefungwa. Nasimama pale na kumwachia mama mkwe nafasi, amalize kwa amani, na sikohoi.